Sentensi Niliyoitoa

Mliniacha wiki iliyopita nimekaa juu ya robota la vitambaa katika karakana ya Shangazi, mwanafunzi asiye na shule, nikimtazama binamu yangu akipongezwa kwa kazi niliyoifanya mimi.

Aliyekosa gazeti nitamweleza kwa ufupi. Uchungu ukisimuliwa sana hupungua, nami sitaki wangu upungue.

Nilisimamishwa shule ya bweni kwa sababu ya tangazo. Lilibandikwa ubaoni kwa heshima zote, likiwaagiza walimu washiriki mbio za asubuhi wakiwa wamevaa kaptura. Walimu walishiriki. Mwalimu wa hesabu alikimbia kwa uzalendo mpaka akapoteza kiatu. Hakuna aliyemjua mwandishi, hadi siku binamu yangu alipoleta masweta ya shule, akalisoma lile tangazo, akamwambia Mkuu wa Shule, "Hizi koma nazijua. Zimelelewa nyumbani kwetu."

Binamu huyo, mtoto wa Shangazi, ndiye Bwana Pasi. Jina nilimpa mimi. Mkunjo wa suruali yake umenyooka kiasi kwamba nzi akitua pale, atatoka na jeraha.

Mbele ya kamati ya nidhamu, aliyesimama kunitetea alikuwa mmoja tu: Dada yangu. Aliwaambia walimu kwamba mimi si mtoto mbaya, ila nina akili nyingi zilizokosa ajira. Bwana Pasi naye alikuwamo chumbani humo. Alikuwa ameketi.

Na Dada huyo anaolewa Jumamosi hii. Gauni lake lilikuwa likatwe kwa lesi aliyoiacha Bibi sandukuni, kitambaa ambacho duka lililokiuza lilishafungwa na kiwanda kilichokifuma hakijulikani kilipo. Hakuna kingine cha aina yake. Shangazi, aliyetulea sote wawili, alituambia tangu mwanzo: "Kila kitu katika harusi hii kinaweza kuharibika, hata bwana harusi. Lesi hiyo hapana."

Sasa twende.

*

Shangazi ana karakana ya ushonaji yenye wateja wengi kuliko kumbukumbu zake. Vipimo vyao vyote, kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono, vimehifadhiwa kwenye kompyuta. Anayevitunza ni msaidizi wa akili mnemba ambaye Shangazi alimbatiza jina la Mtiifu. Unamtumia ujumbe kwa simu, naye anatafuta vipimo, anaviongeza, anavipunguza, kisha anachapa karatasi ya kukatia. Fundi Mkasi anailaza ile karatasi juu ya kitambaa na kukata.

Lakini siku za kwanza Mtiifu alikuwa balaa. Mteja mmoja aliomba kola yake iongezwe, Mtiifu akaongeza kola za wateja wote. Wanaume wa mtaa mzima wakawa wanatembea kama kobe wanaochungulia.

Fundi wa kompyuta aliitwa. Akaangalia, akacheka, akamwambia Shangazi, "Mama, huyu hana kosa. Haioni karakana yako. Hawaoni wateja wako. Anachokiona ni zana alizopewa, na chini ya kila zana, maelezo mafupi ya kumwambia inafanya nini. Hebu soma hapa. Chini ya zana ya kupunguza mmeandika nini?"

Shangazi alivaa miwani. "Tumeandika, 'Hupunguza.'"

"Hupunguza nini? Cha nani? Kwa inchi au kwa sentimita? Ikishapunguza inarudi? Mkimpa mgeni mkasi mkamwambia 'hukata', msimlaumu akikata pazia."

Kazi ya kuandika maelezo mapya akapewa Bwana Pasi. Bwana Pasi hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko jina lake. Akanifuata stoo.

"Mdogo wangu," alisema. Huniita hivyo akiwa na shida. "Wewe insha unazijua."

"Insha ndiyo iliyonitoa shule."

"Niandikie maelezo haya, nami nitakwenda kwa Mkuu wa Shule nikuombee. Mimi ndiye niliyekutia matopeni, mimi ndiye nitakayekutoa."

Nikaandika. Niliandika kama mtu anayejenga nyumba atakayolala mwenyewe. Chini ya kila zana nilieleza inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, na ikiwa kuna shaka, nani aulizwe. Ile ya kupunguza ilisomeka hivi:

"Zana hii hupunguza kipimo kimoja cha mteja mmoja aliyetajwa. Namba ni inchi. Inapunguza kutoka kipimo kilichopo sasa, na cha zamani hakibaki. Kabla ya kuitumia, angalia kama agizo hilohilo limeshatekelezwa, na likiwa limetekelezwa, usilirudie, mwambie aliyetuma kwamba kazi imekwisha."

Wasomaji, ikumbatieni hiyo sentensi ya mwisho. Ndiyo iliyoniweka hapa.

Mtiifu akawa mtu mwingine. Karatasi zilitoka safi. Fundi Mkasi, mzee asiyesifu kitu ila jioni, alisema asubuhi kweupe kwamba huyu sasa ameiva. Shangazi akawakusanya mafundi wote.

"Nani ameandika maelezo haya?"

"Ni mimi, Mama," alisema Bwana Pasi, akijinyoosha kama sindano.

Jina lake lilikuwa juu ya ukurasa. Aliliandika mwenyewe baada ya mimi kumaliza. Shangazi akampa ukuu wa karakana na kiti chenye magurudumu.

Nilimfuata chooni, mahali pekee asipoweza kunikimbia kwa heshima.

"Na Mkuu wa Shule?"

"Nilikwenda," alisema akinawa mikono.

"Akasemaje?"

"Aliniuliza kama umebadilika. Sasa ningemwambiaje? Nilimwambia ukweli, kwamba bado. Wakakuongezea muda."

Akakausha mikono, akanipigapiga begani, akatoka.

Hapo ndipo nilipoapa. Sikuapa kwa sauti. Nilijitazama kwenye kioo cha choo, nikajisalimu kwa heshima kama mtu anayeanza kazi mpya.

*

Ukitaka kumwangusha mtu, usimtegee mahali asipopita. Mtegee njiani kwake.

Njia ya Bwana Pasi ni haraka. Akituma ujumbe asipojibiwa mara moja, anautuma tena. Mtandao wa mtaani kwetu unatembea kwa mkongojo, kwa hiyo kila agizo lake humfikia Mtiifu mara tatu, mara nne. Kwenye lifti ni vivyo hivyo, anabonyeza mpaka kitufe kinaomba radhi.

Kilichokuwa kikimwokoa kila siku, bila yeye kujua, ni sentensi yangu. Agizo la pili likifika, Mtiifu anamjibu kwa adabu, "Kazi hiyo imekwisha, Bosi." Sentensi ile ilikuwa mlinzi anayelinda nyumba ya mwizi.

Na Bwana Pasi alikuwa msimamizi wa bwana harusi. Suti yake ilikuwa haijakatwa. Kwa wiki nzima alikuwa akinywa maji ya moto na kujipapasa tumbo mbele ya kioo, akisubiri siku ya kutangaza kwamba kiuno kimepungua.

Nilikaa kwenye kompyuta mchana, nikaingia kwa kadi yangu ya kazi, mafundi wakiwa wamekwenda kula. Sikuandika uongo wowote. Hilo nataka liingie kwenye kumbukumbu. Niliondoa ukweli tu. Sentensi ile moja, kuanzia "Kabla ya kuitumia" mpaka nukta yake, nikaifuta, nikahifadhi, nikanyanyuka.

Mpango ulikuwa mfupi na mtamu. Atatuma agizo la kiuno chake. Litafika mara nne. Suruali itatoka ya mtoto wa chekechea. Ataivaa mbele ya watu. Kisha nitairudisha sentensi mahali pake, na dunia itaendelea kuzunguka, ikiwa na haki kidogo zaidi.

Nikajifanya nafagia.

Bwana Pasi alirudi, akasimama mbele ya kioo, akavuta pumzi ndani.

"Fundi Mkasi, unaona?"

"Naona nini?"

"Kiuno. Kimekwisha."

"Kimekwenda wapi?"

"Mzee, acha utani. Napunguza inchi moja." Akatoa simu, akamwandikia Mtiifu kwa kidole gumba kimoja. Akangoja kidogo. Akabonyeza tena. "Mtandao huu." Akabonyeza tena. Akaitikisa simu hewani kama chupa ya dawa, akabonyeza tena.

Mimi na ufagio wangu tulikuwa tukihesabu kwa furaha isiyo ya Kikristo wala ya Kiislamu.

Mashine ikachapa. Fundi Mkasi aliilaza karatasi mezani, akaitazama, akamtazama Bwana Pasi kuanzia kifundo cha mguu hadi kisogo.

"Mwanangu, karatasi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa macho yangu haya, mguu wako mmoja utaingia. Wa pili utafute makao."

"Fundi, karatasi imetoka kwa Mtiifu, na Mtiifu anafuata maelezo yangu. Wewe kazi yako ni kukata."

"Nami nasema kiuno hiki..."

"Kata kama karatasi inavyosema. Kuanzia leo karatasi isihojiwe. Mimi ndiye mkuu wa karakana hii, au sivyo?"

Fundi Mkasi aliinamisha kichwa. Nilidhani ni unyonge. Sasa najua alikuwa akiiweka kauli hiyo mahali salama.

"Sawa, mkuu," alisema. "Karatasi haihojiwi."

*

Mpango wangu ulikuwa na tundu moja, nalo lilikuwa na umbo la Shangazi.

Nilikuwa naelekea kwenye kompyuta kuirudisha sentensi yangu, agizo la kiuno likiwa limeshafanya kazi yake, Shangazi aliponiita kutoka mlangoni.

"Wewe mwenye ufagio usiofagia. Kanunulie vifungo vya gauni la dada yako. Vyeupe, vidogo, vyenye mng'ao. Ukileta vya plastiki nitakushona navyo."

"Nakwenda, Shangazi. Naomba tu dakika kwenye kompyuta."

"Kompyuta inataka vifungo?"

"Hapana."

"Basi mguu mbele."

Nilikwenda mbio. Mlangoni nikapishana na Dada, amekuja kujaribisha gauni la mfano, lile la kitambaa rahisi linaloshonwa kwanza ili lesi isikatwe kwa kubahatisha. Alinishika shavu.

"Umekonda," nilimwambia.

"Harusi ni mazoezi ya viungo. Unacheka nini?"

"Nimefurahi tu."

"Ukifurahi hivyo huwa kuna mtu analia. Nani?"

"Utamwona jioni."

"Mdogo wangu," alisema, na alipoliita jina hilo yeye halikuwa la shida. "Vumilia mpaka Jumamosi. Nikishaolewa nitakwenda tena kwa Mkuu wa Shule, na nikienda na mume watanipa kiti."

Nikaenda nikiruka madimbwi. Vifungo vilinisumbua. Duka la kwanza walikuwa na vyeusi, la pili vya plastiki, la tatu muuzaji alikuwa amelala kwa amani hata nisingeweza kumwamsha bila kujiona muuaji. Nilipovipata na kurudi, nilisikia karakana nzima ikicheka tokea barabarani.

Nilifika kwa wakati. Bwana Pasi alikuwa katikati ya chumba, suruali mpya imemkwama mapajani, anaruka kama aliyefungwa gunia. Mafundi waliacha cherehani.

"Vuta pumzi ndani, mkuu," alisema mmoja.

"Nimeshavuta."

"Basi toa na maini."

Bwana Pasi akajivuta kwa nguvu zote. Kifungo kilifika kwenye tundu lake, kikakaa hapo kwa unyenyekevu, na mshono wa nyuma ukafunguka kuanzia juu hadi chini, kwa sauti ndefu, safi, isiyo na haraka, sauti ambayo ningependa ipigwe siku ya mahafali yangu.

Nilikaa chini. Nilicheka mpaka vifungo vya gauni vikamwagika sakafuni. Mwizi wa insha, mchongezi, mkalia kiti cha magurudumu, amesimama mbele ya watu na nguo yake ya ndani yenye picha za bata.

"Nani anacheka hivyo?" aliuliza akijifunika kwa mikono.

"Ni huzuni," nilimjibu. "Kwetu huzuni hutoka hivi."

Ndipo, katikati ya kicheko, niliposikia mlio wa mkasi. Krr. Krr. Ulitoka meza ya ndani, polepole, kama mtu anayetafuna kitu cha thamani.

Nikageuza shingo.

"Fundi, unakata nini?"

"Gauni la dada yako," alijibu Fundi Mkasi bila kuinua uso. "Ndiyo namaliza kifua."

*

Nilikwenda mpaka mezani. Lesi ya Bibi ilikuwa imelala pale vipande vipande, nyeupe kama maziwa, na juu yake karatasi. Sikuhitaji tepu. Karatasi ile ilikuwa na kiuno cha mwanasesere.

"Nani aliagiza karatasi hii?"

"Mkuu wa karakana. Dada yako alipojaribisha, gauni la mfano lilimlegea. Shangazi yako akasema apunguzwe inchi moja, kifuani na kiunoni. Mkuu akatuma kwa simu."

"Alituma mara ngapi?"

"Wewe humjui?"

"Na wewe, Fundi, hukuona? Huyu ni mtu mzima. Ana mbavu."

Fundi Mkasi aliweka mkasi chini. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nikaelewa kwamba alikuwa ameona, na kwamba alikuwa amekata huku akiona.

"Niliambiwa karatasi haihojiwi," alisema. "Ulikuwapo. Ulikuwa na ufagio."

Wasomaji, mchimba kisima huingia mwenyewe, husema wahenga. Mimi sikuingia. Nilimsukumia Dada yangu.

Shangazi alitoka ofisini akimshika Dada mkono, amekuja kuitazama lesi. Aliiona meza. Hakupiga kelele. Alivichukua vipande viwili vya kifua, akamzungushia Dada mwilini juu ya blauzi yake, akavivuta mgongoni vikutane.

Havikukutana. Katikati pakabaki nafasi ya kupita kiganja changu chote.

"Vuta tena, Shangazi," alisema Dada taratibu.

"Nikivuta tena itachanika, mwanangu."

"Basi usivute."

Alisimama hivyo, lesi imemshika mbele, mgongo uko wazi, anatazama ukutani. Hakulia. Afadhali angelia. Aliyelia ni Shangazi, kwa jicho moja, kwa sababu la pili lilikuwa limeshamtafuta mtu.

"Bwana mkubwa. Njoo hapa."

Bwana Pasi alikuja kinyumenyume, ameshika kipande cha kitambaa nyuma.

"Mama, hata mimi nimeumia. Tazama suruali yangu. Mtiifu ameharibika."

"Mtiifu hafanyi lisiloandikwa. Tulifundishwa sote. Nilikwambia inchi moja. Hapa zimetoka nne."

"Nilituma inchi moja. Labda ujumbe ulifika zaidi ya mara moja. Lakini siku zote hufika hivyo, na hajawahi..."

"Kwa hiyo maelezo ndiyo yana kasoro. Nani aliandika maelezo?"

Mafundi wote wakamgeukia Bwana Pasi.

Ona sasa uzuri wa jambo hili, na mniache niuonje, maana ni kidogo tu. Jina lake lilikuwa juu ya ukurasa. Alilitia mwenyewe, kwa mkono wake, kwa wizi wake. Akisema ni yeye, ameharibu lesi ya Bibi. Akisema si yeye, ni mwizi na mwongo mbele ya mama yake na mafundi wote, na kiti cha magurudumu kinaondoka. Hata nilipokuwa nikimhofia Dada, kuna sehemu ndani yangu ilikuwa ikipiga makofi.

Bwana Pasi alikitazama kiti cha magurudumu.

"Sikuandika mimi," alisema.

"Umesema?"

"Mama, sikuandika mimi. Hata neno moja. Aliandika huyu." Akanielekeza kidole, na kitambaa kikaanguka, bata wakaonekana. Hakuna aliyecheka.

Shangazi akanigeukia. Swali hili nililingoja tangu siku ile ya pongezi. Nililala nalo, niliamka nalo, nililifanyia mazoezi ya kulijibu kwa unyenyekevu wa kuigiza.

"Ni kweli ni wewe?"

Nikaitazama lesi badala ya kumtazama yeye.

"Ni yeye, Shangazi," alisema Dada.

Alikuwa bado ametazama ukuta. Akageuka polepole, ameishika lesi isidondoke.

"Nilijua tangu mwanzo. Huyu mwingine hawezi kuandika hata salamu. Nilinyamaza kwa sababu ya harusi, sikutaka ugomvi ndani ya nyumba. Lakini nitasema leo. Kazi ile yote nzuri mliyoisifu ni ya mdogo wangu, na ikamleta nini? Akaongezewa adhabu shuleni na mtu yuleyule aliyemwibia."

"Dada," nilisema.

"Acha nimalize. Umenyanyaswa vya kutosha." Aliwatazama mafundi mmoja mmoja. "Kama yeye ndiye aliyeandika, basi maelezo hayakuwa na kasoro. Mtiifu amefanya kazi wiki nzima, na ujumbe ulikuwa ukifika mara nne nne, na hakuna nguo iliyoharibika. Kwa hiyo kuna mtu aliyagusa leo. Na aliyekaa kwenye kile kiti siku zote anajulikana."

Bwana Pasi akarudi nyuma. "Sijagusa kitu. Mama, naapa, sijui hata pa kugusa."

"Dada," nilisema tena, "tuachane na nani. Tutazame kwanza lesi. Labda Fundi anaweza kuunga mgongoni kipande kingine."

"Kipande kipi?" alisema Fundi Mkasi. "Kilichobaki hakitoshi leso."

"Lesi itasubiri," alisema Shangazi, "ila ni nani, tutajua sasa hivi. Sijengi upya na mtu anayebomoa. Sogeeni."

Alikwenda kwenye kompyuta, akakaa kwenye kiti cha magurudumu, kikalia kwa hofu. Akainamia maikrofoni. Mtiifu huongea kwa spika ndogo iliyo juu ya kabati, kwa sauti ya karani aliyelala vizuri.

"Mtiifu."

"Nakusikia, Bosi."

"Maelezo ya zana ya kupunguza. Kuna mtu ameyabadilisha?"

"Ndiyo, Bosi. Leo."

Mafundi walisogea karibu. Bwana Pasi alifumba macho, anasali.

Nilijua ipo zana ya kujibu swali linalofuata. Ni ile inayoonyesha mabadiliko. Maelezo yake niliyaandika mwisho, siku ile nilipoanza kushuku kwamba Bwana Pasi ataniibia kazi, na niliyaandika kwa ajili yake. Ndiyo sentensi nilizozinoa kuliko zote: "Zana hii humtaja aliyebadilisha, alichokitoa na alichokiweka, neno kwa neno. Tambua mtu kwa kadi aliyoingilia, si kwa jina lililo juu ya ukurasa. Usifupishe. Usimsitiri mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo. Ukiulizwa na mwenye karakana, jibu papo hapo, wala usiombe ruhusa ya mwingine."

Hazikuwa na kasoro hata moja. Nilizitafuta.

"Mtiifu," alisema Shangazi, "ni nani?"

Taa ya kompyuta ikaanza kuwaka na kuzima, ishara kwamba anasoma maelezo ya zana kabla ya kuitumia, kama nilivyomfundisha.

Dada alikuja kusimama nyuma yangu. Mkono mmoja ulikuwa umeishika lesi kifuani. Wa pili akauweka begani kwangu, akaubana.

"Usiogope," aliniambia sikioni. "Sasa watajua."

"Naam, Bosi," alisema Mtiifu.